Tamasha la muziki Morogoro: wanafunzi tumepigwa hela, wazee wa dansi wamedhalilishwa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na una hasira ndani yake. Asiyependa kusoma apite kimyakimya, asije kuuliza "kwa kifupi?" huko chini.

Mimi ni mwanafunzi hapa Moro. Kwa wiki kadhaa gari la matangazo limezunguka Msamvu, Mafiga, Kihonda mpaka njia ya Mazimbu likitupigia kelele kuwa mji unarudishiwa heshima yake ya muziki. Usiku mmoja, bendi za dansi jukwaani, vyombo laivu, na msanii mkubwa kutoka Dar kama kivutio. Kwenye bango wakaweka picha ya Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Huu ni mji wa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, mji wa Morogoro Jazz, bendi aliyopigia Mbaraka, waliokwenda kupiga mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya 1970. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979, wengi tuliokuwa kwenye foleni ile hata wazazi wetu walikuwa watoto, lakini bado tunamjua. Ukiibandika sura yake kwenye bango umeshatuambia tutasikia nini. Hukubandika pambo.

Hela sasa. Tiketi ya mwanafunzi ilikuwa 10,000 ukilipa mapema kwa simu, ya kawaida 20,000, VIP 50,000 na kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa. Kwa anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo, elfu kumi ndiyo posho ya siku nzima ya kula na kulala, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Na boom, yaani hiyo hela ya mkopo, lilikuwa bado halijaingia. Watu walikula maharage ya kukopa ili wapate tiketi ile.

Geti lilitangazwa kufunguliwa saa 10 jioni. Tulifika jua bado kali. Foleni ya VIP inatembea, ya wanafunzi imeganda, maana kigeti chetu kilikuwa na mtu mmoja anayekagua vitambulisho huku anachati. Saa 2 usiku akatokea jamaa na kipaza sauti cha mkononi: "Tiketi za wanafunzi mwisho wake saa mbili, kuanzia sasa kila mmoja aongeze elfu kumi." Nimeisoma tiketi yangu mbele na nyuma, hakuna maneno hayo. Kwenye tangazo hakuna. Kwenye ujumbe wa muamala hakuna. Waliotuchelewesha ndio hao hao waliotutoza faini ya kuchelewa!

Wengine waligeuza. Wengine tuliongeza, kwa sababu tumeshalipa, tumeshatoa nauli, unarudije? Hela ilipokelewa taslimu ikaingia kwenye mkoba wa kiunoni. Nikaomba risiti. TRA wametuimbia miaka yote, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", basi nami nikadai. Baunsa akanijibu, "Dogo, unataka muziki au unataka risiti?" Nilitaka vyote viwili kaka. Sikupata hata kimoja.

Ya ndani nitayapitia haraka. Maji yetu yalimwagwa getini, ndani chupa ndogo ikawa 3,000. Vyoo sivizungumzii, kuna watu mnasoma huku mnakula. Mabasi ya kuturudisha vyuoni, yaliyoandikwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa, hayakuonekana, na wenzetu wa Mzumbe, ambako si mwendo wa miguu, walikaa kwenye kibaraza cha duka mpaka daladala zilipoanza. Mabinti wakiwemo.

Hayo yote ningemeza. Kilichonifanya nifungue uzi ni bendi.

Mimi napiga gitaa la ridhimu kwenye kwaya ya chuo. Nilikwenda pale kuangalia vidole vya mpiga solo, basi. Ratiba ilisema wazee wa dansi watapanda saa 3 usiku. Niliwaona nyuma ya jukwaa tangu nilipoingia, wamevaa mashati ya sare, vyombo vyao wameleta wenyewe kwenye Noah, mmoja amekalia kreti la soda, saksafoni mapajani. Saa 3 ikafika, DJ. Saa 4, DJ. Saa 5, MC anagawa fulana za wadhamini na kuwauliza watu wa upande wa kushoto kama wapo. Tupo kaka, tumelipa mara mbili! Saa 6 wakapanda vijana wa singeli, na hao sina ugomvi nao, waliimba kwa mapafu yao mpaka shati likaloa.

Saa 7 akapanda mkubwa wa Dar. Wakuu, jamaa aliimba juu ya CD mwanzo mwisho. Anakunywa maji, sauti inaendelea. Anapeana mikono na watu wa VIP, sauti inaendelea. Nyuma yake kuna dramu, kiti cha dramu kitupu. Kuna kijana amevalishwa gitaa la besi, waya umening'inia haujachomekwa popote, na kijana anatikisa kichwa kama amebeba dunia. Hivi mnadhani hatuna macho? Nyimbo chache, akaondoka na msafara wa gari tatu, na nusu ya uwanja ikaondoka naye.

Ndipo wazee wakaitwa. Saa 9 kasoro usiku. Hawakupewa hata dakika ya kupima vyombo. Wimbo wa kwanza gitaa la solo halikusikika kabisa, fundi mitambo yuko kwenye simu yake. Akaja mtu kumgusa bega, akainua kitufe, na hapo hapo uwanja ukabadilika. Wanaojua dansi wanaelewa: sehemu ya mwanzo ni ya waimbaji, wanasimulia taratibu, halafu wimbo unachangamka, waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanaanza kuongea. Hapo ndipo utamu wenyewe. Wimbo wa pili ukafika hapo. Solo inapanda, ridhimu inaijibu, mzee wa saksafoni ameshainuka, sisi tuliobaki tumesogea mpaka chini ya jukwaa, kuna mama mmoja muuza karanga ameweka beseni chini anacheza.

MC akachukua maiki. "Shukrani sana kwa wazee wetu, muda si rafiki." Wakakatwa, DJ akaweka wimbo wa yule yule aliyeondoka. Mpiga tumba hakujua, akaendelea kupiga peke yake ngoma isiyosikika, mpaka mwenzake akamshika mkono.

Muda si rafiki, halafu DJ akapiga mpaka saa 11 alfajiri!

Nilimfuata mmoja wa wazee wakati wanafunga vyombo, nikamwamkia, nikamwambia pole. Akasema, "Tumezoea mwanangu." Nikamuuliza kama wamelipwa, akacheka tu, akaniuliza napiga gitaa gani.

Sasa najua wapo watakaokuja na hoja kuwa muziki wa laivu ni gharama, unahitaji mafundi, vipaza vingi, muda wa kupima sauti kila bendi inapobadilishana. Kweli kabisa. Basi usiutangaze! Andika "DJ na wasanii juu ya CD", weka bei yako, anayetaka atakuja. Sauti za Busara kule Zanzibar wamefanya tamasha lao tangu 2004, pale Ngome Kongwe, na sharti lao linajulikana: anayepanda anapiga laivu. Na mwaka 2016 walipokosa fedha hawakuita watu waje kudanganywa. Walitangaza mapema kuwa mwaka huo hakuna tamasha, wakarudi 2017. Kumbe mtu akikosa uwezo anaweza kusema.

Waandaaji wetu wao majibu yao ni haya: kundi la WhatsApp limefungwa, wanaandika wao tu, na ujumbe wa mwisho ni "tiketi hairudishwi, asanteni kwa kufanikisha". Mabalozi wao vyuoni, yaani wanafunzi wenzetu waliouza tiketi kwa kamisheni, wamezima simu. Nawaomba msiwashambulie. Ninayemfahamu mimi hajalipwa hata senti, na amekula matusi ya hosteli nzima.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Tangazo lililosema laivu lipo, kiingilio kilichopanda watu wakiwa foleni kipo, na mashahidi tupo. Tunachodai hakina ukubwa wowote: ile elfu kumi ya pili irudi kwa kila aliyetozwa getini, na wazee walipwe walichoahidiwa. Afisa utamaduni wa manispaa na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) nao, kabla ya kutoa kibali kingine kwa watu hawa, wawaulize swali moja tu: bendi itapanda saa ngapi?

NYONGEZA: Kuna mdau amesema "mwanafunzi kaa usome, starehe waachie wenye kazi". Mzee wangu, kwa hiyo nikiibiwa kwenye starehe si wizi? Na waliokuwa wakijaza kumbi za dansi hapa Moro enzi zenu walikuwa wote maprofesa?

NYONGEZA 2: Kwa wanaouliza jina la tamasha, siliandiki hapa kwa sasa. Barua ya malalamiko tunaipeleka kwanza kwa pamoja, ikiwa na majina na saini za waliotozwa. Wa Mazimbu na Mzumbe tutafutane kupitia viongozi wenu wa madarasa, mje na tiketi na ujumbe wa muamala. Na wale mabwana wameanza kufuta matangazo yao kwenye kurasa zao tangu jana usiku, hivyo mwenye picha ya lile bango, hasa sehemu iliyoandikwa "vyombo laivu", aihifadhi leo leo.