KUPE?! Kambandua mbwa wangu sensa ya sukari mbele ya wageni, eti katoa KUPE

Mnyonge_wa_Scarborough:
Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na wala si baridi ya Toronto.

Yule mtu. Simtaji, mnamjua. Yule wa miwani ya jua sebuleni. Yule ambaye kila kikao cha Watanzania wa huku lazima atukumbushe kwamba alifika Kanada kabla yetu sote, utadhani Ziwa Ontario alilichimba yeye na jembe lake. Leo saa kumi jioni, nyumbani kwangu, ametoka kula pilau niliyopika mimi, kainama, kamshika mbwa wangu Popi shingoni, kabandua sensa, kile kidude cha ngozini cha kupimia sukari, KRAAA, na manyoya yake, kainyanyua kwa vidole viwili kama aliyeopoa pete ya sultani baharini, kisha akatangaza: "Mdogo wangu, mbwa wako ana kupe."

Kupe.

Kupe mweupe! Wa plastiki! Duara kama sarafu, na katobo katikati! Pale alipokaa nimepanyoa kwa mkono wangu. Tangu lini kupe ananyolewa mahali pa kukaa?

Halafu huyo "kupe" akamtupa chini akamkanyaga. Kwa kiatu. Watu wote wamevua viatu mlangoni isipokuwa yeye, sasa mmeelewa kwa nini, alikuwa anajiandaa na kazi.

Kwa wasiojua: Popi ni mbwa wa aina ya schnauzer mdogo, ana miaka 9, na huu ni mwaka wa pili ana kisukari. Kisukari cha mbwa hakina mambo ya vidonge, ni sindano ya insulini saa moja asubuhi na saa moja jioni, akishakula, sikukuu haipo. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo hakumwona huyo mtu vizuri. Alidhani anabembelezwa. Wakuu, ALIMLAMBA. Ananyofolewa huku anamlamba mkono aliyekuwa anamnyofoa!

Juzi daktari wake kapandisha dozi, akataka kuona sukari inashuka mpaka wapi usiku. Akambandika sensa ya FreeStyle Libre, hiyo hiyo ya binadamu, na tone la gundi ya ngozi ili isitoke. Ina kauzi kembamba kama unywele, kanaingia chini ya ngozi milimita kama 5, unagusisha simu unapata namba. Siku 14. Kabla ya hapo ilikuwa kumtoboa sikio kila baada ya saa mbili kutwa nzima, akifika mara ya nne ameshaingia chini ya kitanda na mimi nimeshaingia chini ya kitanda.

Sensa ikishatoka haibandikwi tena. Ile ni hela ya chakula changu cha wiki. Imekaa siku TATU.

Na pole hakusema. Nilipomwambia ni kifaa cha kisukari alicheka mpaka wali ukamtoka: "Sasa mmeanza kuwavalisha mbwa saa?" Hivi ninavyoandika ameweka picha kwenye grupu: "Leo nimemtibu mbwa wa mdogo wetu." Watu 23 wamempigia makofi.

Kupe, wakuu. Kupe!

DebeTupu:
Sensa si ilipita Agosti 2022? Mbwa wenu walikuwa hawajahesabiwa?

NyanyaChungu:
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya kupe.

Mnyonge_wa_Scarborough:
SI KUPE.

KitasaKibovu:
Swali fupi mkuu. Sukari ya mzee wako kule Korogwe umeipima lini?

Mnyonge_wa_Scarborough:
Mzee wangu mwache alipo. Na kwa taarifa yako insulini ilipatikana mji huu huu ninaoishi, 1921, Banting na Best, Chuo Kikuu cha Toronto, kwa kuwatoa mbwa kongosho. Kila anayejichoma leo, kuna mbwa alitangulia. Mbwa wametoa kongosho, wewe umetoa nini?

KitasaKibovu:
Nilitoa mchango wa harusi ya mdogo wako. Asante mpaka leo sijaiona.

DebeTupu:
Huyu mtu wa miwani si ndiye aliyeondoka na hela za viti vya msiba?

Mnyonge_wa_Scarborough:
Hapana, yule wa viti ni mwingine. Huyu ni wa KUPE.

Dokta_Mifugo:
Niseme la maana kabla uzi haujaharibika. Pole mkuu, kwanza mkague ngozi, gundi ikivutwa hivyo huacha kidonda, na kidonda cha mwenye kisukari usikichezee. Pili, usibadilishe dozi kwa data ya siku tatu iliyokatika, mpelekee daktari ulichonacho. Tatu, kile kifaa hakisomi damu, kinasoma maji ya chini ya ngozi, kwa hiyo kinakuja nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Na mbwa akilalia upande wa sensa, namba inaporomoka kwa uongo. Kama hana dalili, haraka toboa sikio uhakikishe kabla ya kumpa asali.

Mnyonge_wa_Scarborough:
Umechelewa dokta. Juzi saa tisa usiku simu ikalia, 2.9, yaani sukari chini mno. Nikampaka asali kwenye fizi, nikaongeza, nikaongeza. Kumbe alikuwa amelalia shingo. Asubuhi namba 24, mto umegandamana na mbwa, mbwa amegandamana na mimi.

NyanyaChungu:
Sasa ndiyo naelewa kwa nini jamaa aliona kupe. Mbwa ananuka mzinga.

BintiPangani:
Mnacheka lakini mimi nina langu. Mama yangu ana kisukari, yuko Tanga, vipande vya kupimia anavigawa kama hirizi, Jumatatu na Ijumaa basi. Mwezi uliopita vimeisha, kaenda duka la dawa kwa yule dada, mnamjua, anayepaka wanja huku mteja anaongea. Mama katoka kumenya embe. Dada wala hakumnawisha, kashika kidole, katoboa, 19! Mama akaanza kuaga watoto mmoja mmoja kwa simu. Mimi niko kazini nalia mbele ya bosi. Jioni kaka akamnawisha kwa sabuni, akampima kwa mashine ya jirani, 8. Tumeagwa kwa ajili ya EMBE.

DebeTupu:
Afadhali embe. Mimi yule wa kwetu alinipima presha juu ya koti.

KitasaKibovu:
Bi Pangani pole. Mama aliyekuaga alikuachia nini?

BintiPangani:
Deni la gesi.

MchungajiMstaafu:
Nimesoma kichwa cha habari tu. Kupe msimfanyie mzaha. Kupe wa kahawia wa masikioni ndiye analeta ndigana kali, nimezika ndama wawili. Josho la kijiji limekauka, sasa kila mtu na bomba lake la mgongoni la kunyunyizia dawa. Kijana wa mbwa, chovya mbwa kwenye dawa ya ng'ombe, kupe wote watakufa.

Dokta_Mifugo:
ASITHUBUTU! Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi, na amitrazi inapandisha sukari. Mbwa wa kisukari haogeshwi hiyo.

MchungajiMstaafu:
Basi hana kupe, ana bahati.

Mnyonge_wa_Scarborough:
Mzee wangu, shikamoo, lakini ndicho ninachosema tangu mwanzo, HANA KUPE.

MchungajiMstaafu:
Marahaba. Sasa kama hana, uzi umeufungulia nini?

NyanyaChungu:
😂😂😂 Mods fungeni.

KitasaKibovu:
Msifunge, habari ya bomba imenigusa. Nina jirani wa kona, simtaji, aliazima bomba langu Pasaka, likarudi juzi limejaa maji ya chokaa na kichwa cha kunyunyizia hakipo. Namuuliza, anasema "nililikuta hivyo". Ulilikuta wapi na uliazima kwangu?

BintiPangani:
Jirani wa kona ni mmoja Tanzania nzima. Wetu aliazima sufuria la maulidi, sasa analipikia kuku wake.

Mnyonge_wa_Scarborough:
Wakuu, jamaa ameandika tena kwenye grupu. Anauliza nani mwingine ana mbwa.

DebeTupu:
Sufuria la namba ngapi?

BintiPangani:
La kilo kumi, lile zito.

MchungajiMstaafu:
Kitasa, hilo bomba ni la lita ngapi? Kama huliuzi, niazime wiki hii.

KitasaKibovu:
Lita 16, mzee wangu. Ila uje na kichwa chako.