Miche ya mikaratusi imevimba mishipa ya majani, ni ukungu au mdudu?

mwenye_kitalu: Habari zenu wadau, niko Bungoma nina kitalu cha mikaratusi, wiki mbili hizi naona majani machanga yanajikunja, mshipa wa katikati umetoa vinundu kama punje za mtama, vingine kijani vingine vimeanza kuwa pinki, hadi kwa vikonyo viko. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili lakini wapi. Ni nini hii?

fundi_miti: Pole sana ndugu. Hiyo dawa umeitupa bure, huo sio ukungu, ni nyigu mdogo anaitwa Leptocybe invasa, kwao ni Australia kama mkaratusi wenyewe. Magharibi mwa Kenya alionekana 2002. Urefu wake hata milimita 2 hafikishi. Jike anatoboa jani likiwa bado changa kabisa anaweka yai ndani, na hapo ndo pananishangazaga kila nikipaangalia, maana hajengi kitu yeye, jani ndo linamjengea! Seli zilizo karibu na yai zinaanza kugawanyika na kunenepa kupita kiasi, homoni za mmea zinavurugika, mwisho buu anajikuta ndani ya chumba, ukuta wa ndani ni seli laini zimejaa chakula na ndizo anazokula, nje pagumu. Jani likishakomaa halikubali tena kubadilishwa hivyo, ndo maana kitalu kinaumia kuliko miti mikubwa. Dawa ya kupiga juu haimfikii buu humo ndani, atakaa miezi minne na kitu halafu anatoka kwa kitundu cha duara. Na majike wanazaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu akiingia anatosha. Ni mbegu gani hiyo? Aina ya mkaratusi inayoitwa camaldulensis na baadhi ya haibridi (chotara) zake ndo anazipenda sana.

mama_maembe: Samahani naingilia, miembe yangu nayo majani yana vipele vigumu, jirani anasema ni utitiri. Ni huyo huyo?

fundi_miti: Hapana mama, ni wengine. Chukua wembe upasue kipele kimoja. Ukikuta chumba kimefungwa pande zote na buu mmoja ndani, huyo ni mdudu, kwa mwembe mara nyingi ni kijinzi, yaani inzi mdogo sana. Utitiri wa vinundu yeye ana miguu minne tu na kwa macho humuoni, anafyonza seli za juu ya jani, jani linabonyea kama kifuko, lakini mdomo unabaki wazi, mara nyingi kwa chini, na ndani kunaota manyoya.

mama_maembe: Nimepasua vitatu, vyote buu. Asante baba.

mwenye_kitalu: Na mimi nimepasua, kweli kuna kabuu keupe kadogo sana. Ni haibridi. Sasa miche kama 200 nilikuwa nimeahidi mtu Ijumaa, nikichuma majani mabaya siwezi kumpa?

fundi_miti: Usimpe, tafadhali. Vinundu vilivyo kwa mashina na vikonyo utaviacha, utakuwa umempelekea nyigu shambani. Ng'oa iliyovimba uchome leo kabla vitundu havijaonekana.

mwenye_kitalu: Sawa. Nampigia simu saa hii.