ULINZI NJIA YA MWEMBENI 🔦

[18:41] Mama Zawadi: Jamani habari za jioni. Usiku wa kuamkia leo wamerudi. Pampu ya Mama Pili imekwenda, mita yangu ya maji wameing'oa, nimeamka uwanja mzima ziwa. Mwenyekiti wa mtaa anataka majina ya lindo LEO ampelekee polisi kata.

[18:42] Mama Zawadi: Watu wanne kila usiku, saa 5 hadi saa 10. Asiyeweza atoe 2,000 ya chai na betri za tochi. Leo nani?

[19:10] Mama Zawadi: Naona mmesoma watu 31.

[19:12] Fundi Mussa: Poleni

[19:12] Mama Zawadi: Pole haizunguki doria, Fundi.

[19:14] Mama Zawadi: 📷 Picha
Wameacha hii ukutani. Kandambili moja, mkanda umefungwa waya wa shaba.

[19:15] Baba Nuru: Mguu wa kushoto. Tumtafute anayechechemea 😂

[19:15] Dogo Bajaji: Waya wa shaba? Fundi upo? 😂😂

[19:21] Fundi Mussa: Ni yangu kweli. Ziliondoka Ijumaa msikitini zote mbili. Atakayemkamata aniulizie ya kulia

[19:24] Mama Pili: Mnacheka. Ile pampu sijamaliza hata kuilipa.

[19:25] Mama Zawadi: Pole shoga. Turudi kwenye majina.

[19:27] Mama Pili: Na geti? 2021 tulitoa 15,000 kila nyumba.

[19:28] Baba Nuru: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[19:28] Mama Zawadi: Geti si mada ya leo.

[19:29] Mama Pili: Kwako haiwezi kuwa mada, vyuma si ndiyo unaanikia nguo.

[19:31] Mama Zawadi: Mchomeleaji alikimbia na nusu ya hela, mnajua wote. Risiti ninazo.

[19:33] Dogo Bajaji: Mi leo nipo ila mwisho saa 7, alfajiri nina abiria wa Ubungo. Tubebe marungu. Tukimnasa hakuna cha polisi, tunamalizana naye hapo hapo

[19:33] Baba Nuru: 🔥🔥

[19:52] Babu Masanja: Anaandika mjukuu, ninayesema ni mimi. Nimetoka Kahama, sungusungu walianza nikiwa kijana, tukifuata nyayo za ng'ombe mpaka kunakucha. Lindo nalijua. Na ya hapa mwembeni nayajua. Yule kijana alikuwa anauliza nyumba ya shangazi yake. Aliyepuliza filimbi yumo humu. Kwa mama yake nilikwenda mimi, peke yangu. Lindo liwepo. Marungu yabaki ndani. Mkimshika mtu asiguswe, pigeni 112.

[20:10] Mama Zawadi: Tumekusikia baba.

[20:19] Baba Nuru: Shikamoo mzee. Nimesikia.

[20:20] Babu Masanja: Marahaba.

[20:26] Mama Zawadi: Basi leo Dogo, Baba Nuru, Fundi. Wa nne?

[20:28] Baba Nuru: Mimi sikusema leo. Nitamtoa Simba.

[20:28] Dogo Bajaji: Simba yupi, huyo aliyeisindikiza pampu? 😂

[20:30] Mama Zawadi: Baba Nuru.

[20:34] Baba Nuru: Haya. Tochi?

[20:35] Mama Zawadi: Zipo mbili kwangu. Filimbi nimeifungia kabatini. Wa nne jamani?

[23:09] Dogo Bajaji: Nipo mwembeni. Mbona peke yangu

[23:16] Fundi Mussa: Nakuja, natafuta viatu

[06:15] Mwalimu: Poleni sana, ndiyo naona sasa. Pampu ya nani?