Tupeane uzoefu: Ulikitumiaje kipindi cha kati ya nikaha na safari, mwenzio akiwa ng'ambo?

Mkaazi wa Kisauni

Assalamu alaykum, ndugu zangu, na hamjambo nyote. Nikaha yangu ilisomwa mapema mwaka huu hapa Kisauni, kisha mume wangu akarejea Bremen anakofanya kazi, nami nimebaki kwa wazazi nikingojea viza. Aliyekulia Mombasa anaijua hali ya mke aliyeolewa ambaye bado hajaenda kwa mumewe: kila shughuli ninayohudhuria naulizwa safari ni lini, na siku hizi baadhi ya shangazi zangu huniuliza kwa sauti ya kunipa pole, kana kwamba kuna jambo ninalowaficha.

Masharti ya viza nimeyasoma na sina haja ya kuorodheshewa upya. Ninaomba waliopitia hali hii, wake kwa waume, na nchi iwe yoyote ile, watusimulie walifanya nini katika miezi hiyo ya kungojea, na ni maandalizi yepi yaliyowafaa walipofika.

Bint Bamburi

Dada, Mwenyezi Mungu aibariki ndoa yenu. Kwa kuwa mimi pia nilikwenda Ujerumani, nitaanza na majina, maana hapo ndipo watu wetu wa Pwani hukwama kabla hata hawajafungua kitabu cha Kijerumani. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Mwanaesha, kitambulisho kikatoka Mwanaisha, shuleni nikaandikishwa Aisha, na katika cheti cha ndoa likaongezwa jina la babu ambalo halimo katika pasipoti. Mtaani kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeshangaa, lakini kwa afisa anayelinganisha karatasi mezani ni wanawake kadhaa, na anataka ajue ni yupi anayeomba viza. Kusanya karatasi zako zote, za wazazi wako pia, uzisome herufi kwa herufi, na penye tofauti umwone wakili mapema akueleze kama hati ya kiapo itatosha au itabidi kusahihisha rasmi.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa Ujerumani kwa sababu vyeti vya Kenya havipiti kwa mihuri peke yake. Katika shauri langu vilipelekwa kuchunguzwa huku huku Kenya, mchunguzi akafuata kumbukumbu katika afisi vilikotolewa, na kazi hiyo ilikula miezi. Usiridhike pia na karatasi uliyopewa msikitini. Hakikisha ndoa yenu imesajiliwa kwa Msajili wa Ndoa, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, zetu za Kiislamu zikiwemo.

Ama lugha, bila shaka unajua kwamba mke hutakiwa awe na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani kile cha mwanzo kabisa, kabla ya kupewa viza, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Mtihani una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni kupata alama 60 kati ya 100. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha na kutahini lugha yao, iko Nairobi, nasi wa Mombasa tusiokuwa na jamaa wa kufikia huko huona uzito wa kuhamia kwa ajili ya masomo. Mimi nilisomea nyumbani, nikaenda Nairobi kwa treni kufanya mtihani tu. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa mtaa aliyefanya kazi miaka mingi katika mapokezi ya hoteli za Bamburi enzi Wajerumani walipokuwa wakija kwa wingi, na Kijerumani chake kilikuwa hai kuliko cha kitabuni. Wazee kama hao bado wapo kuanzia Diani hadi Malindi. Watafute, uwaamkie kwa adabu, na wengi wao watafurahi kupata mtu wa kuongea naye.

Ukishafaulu A1, tafadhali usiweke vitabu kabatini. Kiwango hicho kinamridhisha afisa wa viza, lakini hakikuwezeshi kumweleza daktari unaumwa wapi. Ukifika kuna kozi ya kawaida ya wahamiaji, saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na maisha ya nchi, na anayefika akiwa mbele kidogo huanzia mbele. Nimewaona waliokaa miezi minane Mombasa wakingoja viza bila kusoma neno, wakafika wameshasahau hata salamu, na wakaanza maisha yao mapya wakitafsiriwa kila kitu na mume, hata mazungumzo yao na mama mkwe.

Mzaliwa wa Tudor

Kisa changu ni cha Marekani, na ugumu wake ulianzia sebuleni kwetu. Mume wangu, wakati huo akiwa mchumba tu, alitaka kuomba viza ya wachumba iitwayo K-1. Kwa viza hiyo, kwa kawaida wachumba wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba, na mchumba akishaingia Marekani wafunge ndoa ndani ya siku 90. Babangu aliposikia hivyo alisema kwamba binti yake hatatoka Tudor kwenda kwa mwanamume asiyekuwa mumewe hata kwa usiku mmoja, sembuse siku tisini, na mamangu, ambaye kwa kawaida humlainisha, siku hiyo alinyamaza.

Ndipo mjomba mmoja akaleta hekima yake: isomwe nikaha ya kimyakimya nyumbani ili wazazi waridhike, kisha tuombe K-1 kana kwamba hakijatendeka kitu. Ninaliandika hili kwa urefu kwa sababu najua shauri hilo bado linatolewa katika nyumba nyingi za Mombasa, tena na watu wenye nia njema. Viza hiyo ni ya mtu ambaye hajaoana na mwenzake. Nikaha ikishasihi kisheria hapa Kenya, wewe ni mke, na kujiandika mchumba ni kuidanganya serikali ambayo ina uwezo wa kukufungia mlango kwa muda mrefu sana, na pengine daima. Tuliamua kufuata njia ya mke: nikaha ikasomwa hadharani, ikasajiliwa, ndipo mume akawasilisha maombi yake huko kwao.

Tulingoja zaidi kuliko tulivyotaraji. Hata hivyo mke anayeingia kwa viza ya ndoa ana ruhusa ya kufanya kazi tangu anapofika, ilhali wa K-1 hulazimika kuiomba na kuisubiri. Jua pia kwamba ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku unapoingia, kadi ya ukaazi unayopewa ni ya masharti na ni ya miaka miwili tu, na mnatakiwa mwombe pamoja kuondolewa masharti hayo katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha muda. Kwa hivyo karatasi hazikuisha nilipokanyaga uwanja wa ndege. Risiti, mkataba wa nyumba, akaunti ya pamoja, vyote viliendelea kuwekwa kwenye jalada lile lile nililoanzia Mombasa.

Neno la pembeni: ushahidi wa uhusiano unaoupeleka ubalozini utasomwa na mtu usiyemjua, tena mchana kweupe. Chagueni barua na jumbe za heshima. Mimi zangu nilizichapisha kwa mhudumu wa saiba mtaani, na mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili.

Kijana wa Likoni

Mimi ndiye niliyemfuata mke, Uingereza. Niliomba mwaka 2024, baada ya kiwango cha mapato ya mwenyeji kupandishwa tarehe 11 Aprili kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka, na kwa kuwa mke wangu hakuwa amekifikia, ilitubidi tungoje hadi alipobadilisha kazi. Ada ya huduma ya afya ilikuwa pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33, inayohesabiwa kama miaka mitatu, ikatoka pauni 3,105, mbali na ada ya maombi yenyewe. Nilipimwa kifua kikuu Nairobi, na cheti chake hudumu miezi sita tu, kwa hivyo usikimbilie kupimwa kabla karatasi nyingine hazijawa tayari. Vilevile, ingawa tunasomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani wa Kiingereza. Viwango hivi hubadilika, basi hakikisha wakati wako.

Kwa wanaume wenzangu nina la kuongeza. Maneno utakayoambiwa kivukoni na barazani, kwamba umeolewa wewe, yasikufanye uwaahidi watu makubwa ili kuyafuta. Kabla sijaondoka niliwaita ndugu zangu, nikawaambia waziwazi kwamba mwaka wa kwanza wasinitegemee kwa chochote. Walinuna, lakini hakuna aliyeniita mwongo baadaye.

Ummu wa Majengo

Sisi wa Ghuba tuna njia fupi, ila ina mihuri mingi. Nilipomfuata mume wangu Dubai, cheti cha ndoa kilipitia Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa Imarati, kisha kikathibitishwa tena kule. Mume naye alipaswa kuonyesha mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Wenye mtoto wa ndoa ya awali, tafuteni ridhaa ya maandishi ya baba yake mapema, wakati bado mnasikilizana, kwa sababu sheria ya Kenya inawapa wazazi wote wawili wajibu juu ya mtoto, na balozi nyingi huiuliza karatasi hiyo.

Mkaazi wa Kisauni

Nawashukuru sana. Usiku wa jana nimezitoa karatasi zangu na nimekuta jina la mamangu limeandikwa kwa namna mbili. Nina swali jingine ambalo naona haya kumwuliza mtu uso kwa uso. Mume wangu anasisitiza kwamba nisijisumbue na pesa, kwamba yeye atatosha, na akiba yangu ya ushonaji niwaachie wazazi. Nimwitikie?

Bibi wa Kibokoni

Mwanangu, nimekaa Ulaya miaka mingi na sasa nimerejea kwetu Mji wa Kale, kwa hivyo niruhusu nikujibu kama mama. Mshukuru mumeo, na akiba usiiguse. Wazazi wape sehemu, kwa kuwa ni haki yao na utapata dua, lakini iliyobaki iwe katika akaunti yenye jina lako, ya kutosha angaa tikiti ya kurudi na wiki chache za kula. Akiwa mume mwema, na ninakuombea awe, pesa hizo zitakaa tu. Simtilii shaka mwanamume nisiyemjua. Nimeshuhudia wanawake waliofiwa, na wengine ambao waume zao waliugua au kufutwa kazi, wakaona fedheha kuomba hata nauli ya basi katika nchi ambayo hawajajua barabara.

Pasipoti yako ikae nawe, na nakala zake aachiwe ndugu unayemwamini. Ijue sheria ya ukaazi wako kabla hujapanda ndege: kwa kawaida Ujerumani humpa mke haki ya kubaki kwa nafsi yake baada ya kuishi pamoja katika ndoa miaka mitatu, na mke anayepigwa au kudhulumiwa anaweza kuipata kabla ya hapo, kwa hivyo asikubali kutishwa kwamba akitoka nyumbani atarudishwa Kenya kesho yake. Nambari ya simu ya msaada kwa wanawake huko ni 116 016, hupigwa bila malipo usiku na mchana, na wana wakalimani wa lugha nyingi. Iandike mahali, kisha uendelee na furaha yako.

Na laini yako ya simu ya Kenya usiiache ikafa. Benki na eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, hutuma nambari za siri humo, na kuifufua ukiwa mbali ni mateso.

Muuguzi wa Changamwe

Nitakuwa mfupi kwa kuwa niko zamu. Mwenye taaluma afuatilie nakala rasmi za matokeo na barua za usajili kutoka chuoni na katika baraza lake akiwa bado Kenya, kwa sababu mambo ambayo huku unayapata kwa kwenda mwenyewe, ukiwa ng'ambo utayatafuta kwa barua pepe ambazo hazijibiwi. Mwenye nafasi ajifunze pia kuendesha gari kabla ya kuondoka. Ujerumani leseni ya Kenya hutumika kwa miezi sita tangu uanze kuishi huko, kisha hufanyiwa mitihani yao, lakini aliyekwisha kuzoea usukani huhitaji masomo machache, na masomo hayo ni ghali.

Mkaazi wa Kisauni

La mwisho kutoka kwangu. Mamangu ameshaanza kufunga sanduku ilhali viza haijatoka, na tayari amenunua sufuria, mbuzi ya kukunia nazi na vyakula ambavyo sina hakika navyo. Nimkataze nini?

Bint Bamburi

Mkataze nyama na kila kitu cha maziwa, hata samli aliyoipika mwenyewe, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuviingiza kutoka kwetu. Samaki mkavu wa matumizi ya nyumbani anaruhusiwa hadi kilo 20, ingawa ukiishi ghorofani majirani watakuwa na maoni yao. Matunda mabichi mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hivyo maembe yabaki Kisauni, lakini nazi ni miongoni mwa machache yasiyohitaji cheti hicho. Mbuzi ichukue. Sufuria mwachie mama, na uzito wake ujaze leso na nguo za ndani za joto, kwani ukifika Disemba utakuta jua linazama kama saa kumi alasiri, na leso mbili juu ya koti hakuna atakayekuuliza.