Ushauri: nzi wa mionzi kwenye shamba la maembe, Donge

ShambaDonge: Asalaam alaikum wana jukwaa. Nina shamba la boribo huku Donge. Msimu huu kila embe nikilipasua nakuta funza wa nzi wa matunda, na wanunuzi wa Darajani wameanza kunikwepa. Nasikia wadudu humalizwa kwa mionzi. Je, maembe hayo yatalika? Usingizi sipati.

BibiMkarafuu: Waalaikum salaam mwanangu. Okota yote yaliyoanguka, yafukie chini sana. Marehemu mume wangu alitutoa alfajiri kuokota, kabla hata ya chai. Vijana wa leo kuinama kwawashinda.

Kipanga77: Mionzi haiingii kwenye embe. Wanaopigwa ni nzi wenyewe, huko wanakofugwa. Dume anabaki hai lakini tasa. Akimpanda jike, mayai hayaangui. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa njia hiyo: madume walifugwa Tanga, wakamwagwa kwa ndege kuanzia 1994. Wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Weye umeambiwa nini hasa?

MchungaJozani: Nazikumbuka ndege zile! Kabla yake ng'ombe wa baba walipakwa dawa mgongoni. Nagana, maradhi ya ng'ombe yaletwayo na mbung'o, ilitutia umasikini, msiisahau.

ShambaDonge: Kuna mtu anauza nzi tasa kwa makopo. Nauliza tu.

Kipanga77: Umeshampa pesa?

ShambaDonge: Arubuni. Fedha ni za ushirika wetu, mimi ndiye mshika fedha. Lakini ana picha za ndege, na kuhusu mionzi wewe mwenyewe umesema ni kweli. Wenzangu nitawaeleza makopo yakifika.

MamaKiembeSamaki: Waeleze leo. Hiyo ni amana ya watu, kaka.

Tetesi: Uzi wa kutunga huu. Kesho atakuja "shuhuda" na namba ya simu ya muuza makopo. Mods, ufungeni.

ShambaDonge: Wallahi sijatunga. Sina kopo hata moja, wala namba ya mtu siiweki hapa.

Kipanga77: Tetesi, hata kama katunga, makopo ya namna hii yatamfikia mwengine. Unguja ilifaulu kwa sababu kisiwa kizima kilifanywa pamoja, na bahari ikazuia mbung'o wapya kuingia. Walimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Ukifungua kopo shambani kwako, majike wa kwa jirani wanakuja wakiwa wameshapandwa, wanataga kwenye maembe yako vilevile. Tundika mitego ya methili yujenoli, chambo cha harufu kinachovuta madume wa nzi wa matunda, na umsikilize Bibi. Majirani nao wafanye hivyo hivyo.

ShambaDonge: Mitego hiyo inapatikana wapi? Na arubuni ya mdomo, bila karatasi, inadaika? Anakuja Jumamosi kuchukua iliyobaki.

MamaKiembeSamaki: Basi Jumamosi ushirika mzima uwepo shambani kabla yake.