Ukoo wa Bi Mwanaidi: Idrisa na dungu lake

*Alhamisi, 6 Novemba 2025*

Idrisa: Assalaam alaykum wote. Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Nina jambo nataka ushauri wenu kabla ya Jumamosi.

Rehema: Waalaykum salaam. Kama ni mchango wa harusi ya Salma tumeshakuandika laki tatu 😄

Idrisa: Siyo hilo, Dada. Keshokutwa huku Minnesota wanafungua msimu wa kuwinda kwa bunduki. Miaka yote naenda na wenzangu wawili. Mwaka huu mzee mwenye shamba kafanyiwa upasuaji wa nyonga, na mwenzangu wa kazini kapangiwa zamu Jumamosi na Jumapili. Kibali nimeshalipia, dola 34. Nafikiria kwenda peke yangu.

Mama: Peke yako porini? Na wale mbwamwitu?

Shaaban: Mama kashaanza

Idrisa: Mama, mbwamwitu wapo, na dubu wapo. Ila dubu sasa hivi wanatafuta pa kulala, na mbwamwitu ndio wanaonikimbia mimi. Miaka sita nimemwona mmoja tu, naye aliniona akageuka akaenda zake.

Mjomba Kibwana: Marahaba. Unawinda mnyama gani

Idrisa: Kulungu, Mjomba

Mjomba Kibwana: Kulungu yupo Marekani?

Idrisa: Si huyu wa Handeni. Tunamwita hivyo kwa kukosa jina. Ni mkubwa zaidi, mkia chini mweupe pe, akishtuka anauinua unauona mkia tu unapotelea vichakani. Dume ana pembe zenye matawi, na kila mwaka zinadondoka zinaota nyingine.

Mjomba Kibwana: Pembe zinadondoka halafu unamwita kulungu. Mtafutie jina lingine

Shaaban: 😂😂😂

Mjomba Kibwana: Unamvizia au unamfuata

Idrisa: Namvizia. Kuna kiti kimefungwa kwenye mti, kama mita nne na nusu juu, unapanda kwa ngazi. Ruhusa ya kupiga inaanza nusu saa kabla jua halijachomoza, kwa hiyo saa kumi na mbili unusu asubuhi lazima niwe nimeshatulia. Na mavazi yawe rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, ndiyo sheria, ili mwindaji mwingine asikudhanie mnyama.

Mjomba Kibwana: Kumbe ni dungu. Kama la kulindia ngedere shambani

Idrisa: Ndilo hilo hilo Mjomba 😄

Rehema: Samahani kidogo, naomba waliotuma mchango leo waandike jina. Kuna elfu hamsini imeingia haina mwenyewe.

Shaaban: Yangu

Rehema: Si yako Shaaban, wewe nakujua.

Zuhura: Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba. Nilikuwa sitaki kusema humu, lakini naona Baba Nasra anaomba ushauri huku kaficha nusu ya habari. Awaambie ya mwaka jana.

Mama: Marahaba mwanangu. Ya mwaka jana yapi?

Idrisa: Mama Nasra, hilo tulishalimaliza

Zuhura: Ulilimaliza wewe. Mama, mwaka jana alianguka kwenye hiyo ngazi. Ilikuwa jioni, vidato vimeshika barafu, mkanda wa usalama kashaufungua kwa sababu anashuka. Alipuliza filimbi, yule mzee akamsikia akaja kumwinua. Mimi niliambiwa kajigonga na boksi kazini. Nilikuja kujua nilipofua ile fulana ya sufu. Magome ya mti yalikuwa yameingia kwenye nyuzi upande mzima wa kushoto, kuanzia kwapani hadi kiunoni. Nilikaa nayatoa moja moja kwa kibano cha nyusi.

Mama: Idrisa

Mama: Idrisa nakuuliza wewe

Idrisa: Ni kweli Mama. Nisamehe. Vilikuwa vidato vitatu tu.

Zuhura: Na mzee aliyesikia filimbi mwaka huu yuko nyumbani na magongo. Simu mle haishiki.

Mjomba Kibwana: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:47)

Rehema: Idrisa najua uko kazini huwezi kusikiliza, nakuandikia. Mjomba anasema enzi hizo na gobore lake alikuwa anatoka peke yake kutafuta kanga na digidigi. Siku moja mguu ukaingia kwenye shimo la muhanga, kifundo kikaachia. Hakuna mnyama aliyemgusa usiku kucha. Baridi ya alfajiri ndiyo ilikuwa inammaliza, na Handeni hakuna theluji. Aliokotwa na binti aliyekuwa anatafuta kuni. Kijijini walikuwa wanajua kaenda Korogwe, maana ndivyo alivyomwambia mkewe.

Shaaban: Kwa hiyo Idrisa karithi kila kitu, hadi uongo

Mjomba Kibwana: Shaaban wewe nyamaza

Idrisa: Nimekusikia Mjomba. Lakini nilikuwa nimeshajipanga. Naweza kukaa chini kwenye shina nisipande kabisa. Ramani namwachia Mama Nasra na alama nilipo. Kuna kifaa cha setilaiti cha kukodi, ukikwama unabonyeza.

Mama: Na ukimpiga asife hapo hapo?

Idrisa: Unasubiri kama nusu saa ndipo unafuata damu, Mama. Ukimfukuza mapema anakwenda mbali.

Mama: Nusu saa, halafu giza. Hapo si ndipo utamkuta kafia kwenye maji, na huyo hata kula hatumli. Bismillah yako yote imekwenda bure.

Idrisa: Hapo kweli. Jua linazama saa kumi na dakika arobaini na kitu. Na hata akifa pakavu, yule wa mwaka juzi nilishamtoa matumbo na bado alikaribia kilo 65. Tulimburuta watatu kwa zamu hadi kwenye gari. Ukiburuta unatoka jasho, ukisimama jasho linaganda mwilini.

Zuhura: Umesikia unavyojijibu mwenyewe?

Mjomba Kibwana: Msimu unafungwa lini

Idrisa: Upande wetu wa kaskazini ni siku 16. Hadi tarehe 23.

Mjomba Kibwana: Huyo mwenzako wa kazini Jumamosi ijayo ana zamu?

Idrisa: Hapana. Tarehe 15 yuko nyumbani.

Mjomba Kibwana: Na wanyama watakuwa wamehama

Idrisa: Hawahami. Madume yanahangaika na majike hadi katikati ya mwezi. Pengine hata ni bora.

Mjomba Kibwana: Sasa unatuuliza nini

*(dakika ishirini kimya)*

Idrisa: Niseme kweli. Nyama naweza kusubiri. Ghalani wiki nzima ni mashine na vile vigari vinavyolia vikirudi nyuma, nyumbani watoto, kwenye simu ndiyo nyinyi. Kule kuna nusu saa kabla hakujapambazuka, theluji ikianguka juu ya majani makavu unaisikia. Hiyo ndiyo nilikuwa naifuata. Wenzangu wakiwepo wanaongea tangu kwenye gari.

Mjomba Kibwana: Hilo nalielewa sana. Mimi nilikuwa narudi mikono mitupu na wala sijali

Zuhura: Ungeniambia hivyo tangu mwanzo nisingekununia wiki nzima. Jumamosi watoto nawachukua mimi hadi mchana. Nenda kakae zako pale Ziwa Superior, chupa ya chai nitakujazia. Bunduki ibaki kabatini. Tarehe 15 uende na mwenzako, na mkanda unafungwa hadi mguu uguse chini.

Idrisa: Sawa. Nimekubali. Mama, siendi.

Mama: Alhamdulillah. Na usinifiche tena jambo kama lile. Mbavu inauma bado?

Idrisa: Nikipiga chafya tu

Rehema: Kwa hiyo Idrisa Jumamosi una nafasi! Kikao cha kamati ya harusi ni saa tatu usiku huku, kwenu itakuwa saa sita mchana. Utakuwa umesharudi kutoka ziwani. Nakuweka msimamizi wa michango ya walio nje.

Shaaban: Ajenda 14 😭

Idrisa: Bora mbwamwitu