Tupeane uzoefu: injini ya gari la zamani inamisi baada ya ovahoo

Mwenye_109 (Iringa)

Kamwene wakuu. Uzi huu ni wetu sisi tunaotunza magari ya kabureta (inayochanganya hewa na petroli) na kontakti pointi (swichi ya moto ndani ya distributa) huku Nyanda za Juu Kusini. Injini inashushwa, bloku inachongwa, pistoni na ringi zinawekwa mpya, valvu zinasagwa, hela inaisha. Halafu siku ya kuwasha, inamisi, yaani silinda moja au zaidi haziwaki sawasawa. Fundi akikosa jibu anasema tuifungue tena, na mwenye gari hana cha kumjibu. Nataka tumpe cha kujibu.

Yangu ni Land Rover 109 Series III ya petroli, 2,286 cc, aliyotuachia marehemu baba. Ikiwa imesimama inanguruma inatetemeka, ukikanyaga mafuta inatulia. Pointi zimepimwa kwa fila geji, ziko 0.38 mm. Tapeti, yaani nafasi juu ya valvu, zote 0.25 mm. Moto unafika kwenye plagi zote nne. Ukichomoa waya wa plagi za mbele mngurumo haubadiliki sana, ukichomoa za nyuma gari inataka kuzima. Waliopitia haya, mlikuta nini? Tafadhali elezeni dalili kwanza, ndipo mseme chanzo.

Mama_504 (Mbalizi)

Pole kaka. Ya kwangu ni Peugeot 504. Ilipotoka kwenye ovahoo haikutaka kuwaka kabisa, ikawa inatema moto juu kwenye kabureta. Fayaringi oda, yaani mpangilio wa silinda kuwaka, ilikuwa sahihi, 1-3-4-2, tena imeandikwa kwenye kitabu, kila mtu anaapa waya ziko sawa. Kumbe Peugeot hizi silinda namba 1 inahesabiwa kutoka upande wa flaiwili, yaani nyuma, siyo upande wa feni kama tulivyozoea kwenye magari mengine. Silinda 1 na 4 zinapanda juu pamoja, kwa hiyo alama ya taimingi inakubali huku moto unakwenda kwenye silinda isiyohusika. Tulizungusha waya zote nne nafasi mbili kwenye kofia ya distributa, ikashika papo hapo. Wenye 404 na 504 liwekeni hili kichwani.

Njombe_FJ40

Kwangu, kwenye Land Cruiser FJ40, dalili ilikuwa kinyume. Asubuhi na baridi yetu ya Njombe injini inanguruma safi, silinda sita zote zinaitikia. Ikishapata moto sawasawa inaanza kumisi, na kadiri unavyoendesha ndivyo inavyozidi. Tulibadilisha plagi, tukabadilisha koili, hali ile ile.

Chanzo kilikuwa tapeti. Valvu ikisagwa pamoja na kiti chake, inazama kidogo kwenye silinda hedi, na mkia wake unajitokeza zaidi kwa juu. Nafasi ya tapeti inapungua. Ukija kukaza tena boliti za hedi baada ya injini kupata moto, nafasi inabadilika tena. Injini ikiwa ya baridi kinabaki kinafasi kidogo, ikichemka chuma kinarefuka, valvu inashindwa kufunga na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja. Injini hii ya 2F inapimwa ikiwa ya moto: 0.20 mm za kuingiza, 0.35 mm za kutoa. Zilirekebishwa hivyo na haijamisi tena. Valvu ya kutoa isipofunga vizuri inaungua, kwa hiyo ukiona dalili hii usiendelee kuliendesha gari ukitumaini litajizoea.

Dereva_Makambako

Angalieni na waya wa arthi kati ya injini na chesisi. Ya kwetu ilipakwa rangi nzuri ya bloku, arthi ikafungwa juu ya rangi. Mwanga wa plagi ulikuwa hafifu na staata inazunguka kwa uvivu. Ilikwanguliwa hadi chuma kikaonekana, basi.

Mzee_wa_Forest (Mbeya)

Wanangu, hamjambo. Jambo moja linawapotosha mafundi wengi huku kwetu, nami naliona mara kwa mara: kipimo cha kompresheni.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Injini ambayo Dar es Salaam ingesoma psi 150 kwenye geji, hapa itasoma 123 au 125 ikiwa nzima kabisa. Mtu anasoma namba ya kitabuni, anaona yake iko chini, anaamini ringi hazikukaa au bloku imechongwa vibaya, na injini mpya inashushwa bure. Tazameni kama silinda zote zinakaribiana. Tatu zikisoma 124 na moja 85, hapo kuna tatizo. Zote zikisoma 122 na 125, acheni injini ya watu.

Hewa nyepesi hiyo hiyo inagusa na kabureta. Gari lililotuniwa pwani likishapanda Kitonga linaanza kula mafuta mengi kuliko hewa inayoingia. Plagi zinakuwa nyeusi zenye masizi makavu, moshi mweusi nyuma, na linamisi ukivuta mlimani. Barabara ya Chunya inapanda zaidi ya mita 2,400, na kule ndiko utaliona vizuri. Dawa ni jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) ndogo zaidi, hatua moja kwanza. Halafu uchomoe plagi utazame: rangi ya kahawia hafifu ndiyo tunayoitaka. Ikiwa nyeupe, rudi nyuma, petroli ni kidogo mno na unaweza kuunguza pistoni.

Beetle_Tukuyu

Shikamoo mzee. Hilo la geji limeniokolea rafiki yangu leo hii hii, nimemtumia.

Mimi Beetle yangu ilikuwa inamisi ikichemka tu, ikipoa ni nzima. Pointi zilikuwa mpya lakini nyuso zake zilishaanza kuwa za bluu na kuungua. Ukiziona hivyo mapema namna hiyo, shuku kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue. Spea mpya siku hizi si dhamana: kondensa ilitoka kwenye pakiti na ilikuwa mbovu. Ile ya zamani iliporudishwa gari likatulia. Ombi langu ni hili, mafundi wasitupe vifaa vya zamani vya moto mpaka injini mpya imetembea. Na wenye Beetle, fayaringi oda yetu ni 1-4-3-2, msifuate za jirani.

Fundi_Mafinga

Mwenye_109, nimekusoma vizuri. Injini inayotetemeka ikiwa imesimama na kutulia ukikanyaga, mara nyingi inavuta hewa mahali. Ni kama kunywa kwa mrija uliotoboka. Niliwahi kuletewa 109 kama yako kutoka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, ilikuwa hivyo hivyo.

Kwenye injini hiyo manifoldi (mabomba) ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zimefungwa pamoja, na zote mbili zinakaa kwenye hedi upande mmoja. Zikikazwa zenyewe kwa zenyewe kwanza, nyuso zake hazilingani, na gasketi mpya haiwezi kuziba. Chukua chupa ya kunyunyizia, weka maji matupu, nyunyiza kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Mngurumo ukibadilika umepata. Usinyunyize petroli, ekzosti iko pale pale chini. Kisha legeza boliti zinazounganisha manifoldi mbili, kaza kwenye hedi kuanzia katikati kwenda pembeni, mwisho ndipo ukaze za kuunganisha.

Mwenye_109 (Iringa)

Fundi, nashukuru sana. Tumenyunyiza maji leo mchana mbele ya fundi wangu. Mwisho wa mbele wa manifoldi, mngurumo ulibadilika mara moja. Tumeweka gasketi nyingine na kukaza kwa mpangilio uliosema. Sasa nikichomoa waya wa plagi yoyote, injini inalalamika. Silinda hedi haikuguswa.

Mzee_wa_Forest (Mbeya)

Hongera mwanangu. Ikishatembea kidogo na kupata moto mara kadhaa, kaza tena boliti za hedi kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa kitabu, halafu rudia tapeti zote. Njombe_FJ40 ameshaeleza sababu.

Datsun_Igawilo

Wakuu samahani, naingia na langu. Datsun 1200, injini ya A12, imetoka kwenye ovahoo, inamisi ikipanda tu na plagi zote ni nyeusi. Kompresheni inasoma 125, 126, 124, 125. Kwa maelezo ya mzee naona ni jeti. Kuna mwenye jeti ndogo ya kabureta hiyo Mbeya, au anayejua duka la spea za zamani Mwanjelwa linaloziuza?